Nyumba ya Kipupwe

Mahfoudh hakuwahi kuona kitu asitake kujua kina hatua ngapi. Ugonjwa huo aliupata Unguja, katika ofisi ya upimaji ardhi, alikokuwa akivuta mnyororo wa kupimia viwanja vya watu tangu ana miaka kumi na saba. Mwaka 1964 alipohamia Maskati na mkewe Shaikha, na mabegi mawili na mto mmoja, mnyororo ulibaki kule ila ugonjwa alikuja nao. Alijua kwamba kutoka mlango wa nyumba yao ya kupanga, pale Matrah, hadi msikitini ni hatua mia mbili na kumi na nne. Alijua pia, ingawa hakuna aliyemuuliza, kwamba siku za joto hatua zinaongezeka kwa kumi na moja, kwa sababu mtu hulazimika kufuata kivuli.

Na joto ndilo lililomkosesha raha. Wenyeji walikuwa na dawa yake: ikifika qaidh, miezi ya joto na ya kuvuna tende, wenye jamaa wenye mashamba hufunga nyumba wakahamia kwenye mitende ya Sib na Barka. Mahfoudh hakuwa na jamaa wa mitende. Ukoo wa baba yake, huko milimani, ulimpokea kwa ukarimu mara moja na kukicheka Kiarabu chake mara kumi, naye hakurudi tena. Basi akabaki mjini na Shaikha, na kuanzia mwaka 1965 na binti yao Nasriya, wakimwagia maji magodoro juu darini na kuhesabu siku mpaka mwezi wa kumi. Miezi hiyo mtu huyu alikuwa hakaliki. Huenda dirishani, hurudi mlangoni, huenda tena dirishani, mpaka Shaikha humwambia achague kimoja.

Kisha akapata kazi kampuni ya mafuta, iliyokuwa ikijenga bandari yake nje kidogo ya Matrah. Walitaka mtu wa kushika fimbo ya kupimia na kuandika namba kwa Kizungu. Kazi ilikuja na likizo ya wiki sita kila mwaka, na likizo ikaja na wazo: anunue nyumba ya pili, ng'ambo, ya kukimbilia Maskati inapochemka. Wazo likishamwingia Mahfoudh halitoki kwa dawa. Alifikiri Dubai, akaona ni joto lilelile limebadilisha jina. Akafikiri Bombay, akaambiwa miezi ile ni mvua tu, nguo hazikauki. Akafikiri Karachi, na huko hakuwa na mtu hata wa kumwandikia barua. Ndipo akamkumbuka Harub, mtoto wa ami yake, aliyezaliwa Mombasa na kukulia hukohuko. Mara ya mwisho walionana Unguja, wote wawili hawajaota ndevu.

Jibu la Harub lilifika katikati ya mwaka 1967, na Mahfoudh alilisoma akiwa amesimama.

"Huku ni kipupwe, ndugu yangu," Harub aliandika. "Kusi linavuma mchana kutwa, na ukilala huna budi shuka mbili. Kuna nyumba ya mawe inauzwa Kibokoni, Mji wa Kale. Orofa moja, kisima ndani, baraza mbele. Mwenyewe si mtu wa matatizo."

Bei aliitaja mara moja tu, na ilikuwa bei ya kindugu. Lakini si bei iliyomshika Mahfoudh.

"Shuka mbili, Bi Shaikha," alisema.

"Nimesikia."

"Mbili."

"Nimesikia, baba Nasriya. Kaa chini unywe maji."

Hakukaa. Siku hiyohiyo aliandika kuuliza sebule ina hatua ngapi kwa ngapi, ukuta una unene gani, na madirisha yanatazama wapi. Harub akajibu yote, tena kwa nusu hatua, kana kwamba alitoka posta akaenda moja kwa moja kupima. Mahfoudh akauliza ngazi ina vidato vingapi. Kumi na sita, na cha tisa kinalia. Akauliza maji ya kisima. Baridi, yana chumvi kidogo mwezi wa pili. Akauliza jua la asubuhi linaingia chumba gani kwanza, na Harub akajibu hilo pia. Barua moja ilichukua wiki tatu kwenda na wiki tatu kurudi. Mtu mwingine angechoka. Hawa wawili walikwenda hivyo mwaka mzima na zaidi.

Majibu yalipokuwa mengi, Mahfoudh alinunua chokaa sokoni, akapanda darini na kamba, akaichora ile nyumba ya Kibokoni kwa vipimo vyake. Dari la Matrah ni bapa na pana, na nyumba ilienea bila kubanwa: baraza upande wa bahari, mlango mkubwa, ukumbi, sebule, kisima duara safi, jiko nyuma. Milango aliiacha wazi, mapengo katika mistari. Akamwita mkewe aje aone.

Shaikha alipanda na beseni la nguo. Alitazama, akasema mistari imenyooka, kisha akakata moja kwa moja kupita ukuta wa sebule kwenda kwenye kamba ya kuanikia.

"Umepita ukutani," Mahfoudh alisema.

"Nna nguo mbichi mikononi."

"Mlango huo hapo, hatua mbili."

Akarudi kwa njia ileile, akipasua ukuta wa pili. Na tangu siku hiyo ikawa hivyo kila siku. Nasriya, aliyekuwa na miaka mitatu, alifuata milango kwa adabu zote, tena alibisha hodi. Mama yake alipita kwenye kuta kama hazipo, akiwa na nguo, akiwa na limau za kukausha, akiwa mikono mitupu. Wakati wa joto alitandika godoro lake kati ya ukumbi na jiko, kichwa huku, miguu kule. Mwenye nyumba, mzee Marhoon, aliyekaa chini, alipopanda siku moja na kuona mistari ile alirudi nyuma kidato kimoja na kuanza kusoma aya za kujikinga. Kwake yeye, mtu aliyetoka Unguja akichora chokaa darini hana nia njema. Ilimbidi Mahfoudh atumie Kiarabu chake chote kueleza kwamba si uganga, ni nyumba ya Mombasa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema uganga angeuelewa zaidi.

Mahfoudh alicheka, lakini ile ya Shaikha kupita ukutani haikumchekesha. Asubuhi moja ya Ijumaa alimsubiri kwa makusudi.

"Nataka kujua kitu kimoja," alisema. "Nyumba huitaki, au mimi ndiye ninayekuudhi?"

Shaikha aliweka beseni chini. Lilikaa juu ya ukuta.

"Ile nyumba yetu ya Kiponda, kule Unguja," alisema, "nilikuwa naweza kwenda kutoka jikoni mpaka juu macho nimefumba. Nilipofika hapa, mwaka mzima mkono wangu unatafuta kitasa upande wa kushoto, na huku kiko kulia. Mwaka mzima, Mahfoudh. Nimeshazoea milango mara moja, nikaiacha. Sasa nimezoea hii ya mzee Marhoon. Mwengine sitaki kuuzoea mpaka nijue tukitoka, tutarudi."

Alikuwa hajamwita jina lake hivyo tangu meli ilipong'oa nanga Unguja. Mahfoudh aliona aibu, na aibu ilimfanya azidi kuhangaika, maana neno la mkewe lilikuwa kweli na yeye alikuwa amelikwepa muda wote huo akihesabu vidato. Siku hizo huwezi kutoka Maskati kama unavyotoka chumbani kwako. Rukhsa huombwa. Wapo waliotoka kwenda kusoma, kutafuta riziki, wakataka kurudi wakakuta njia imefungwa, na mama zao huku wakafa hawajawaona.

Mwanzoni mwa mwaka 1969 alivaa kanzu yake nzuri akaenda ofisi ya rukhsa kuuliza. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimkalisha, akamsikiliza, akauliza kama ni yeye peke yake au na familia.

"Na familia," Mahfoudh alisema. "Wiki sita tu. Kila mwaka."

"Ya kutoka nitakuandikia," karani alisema. "Ya kurudi, utaiomba hukohuko."

"Na huchukua muda gani?"

Karani alifunga faili polepole. "Wengine bado wanangoja."

Mahfoudh alirudi nyumbani bila kuhesabu hatua hata moja. Kwa siku tisa alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikula amesimama. Alipanda darini, akasimama kwenye baraza ya chokaa akitazama milima, akashuka, akapanda tena. Moyo ulimwambia nunua, mambo hayakai hivi milele; moyo huohuo ukamuuliza, na yakikaa? Nasriya ataozwa wapi, na nani? Akajiona yuko Mombasa na shuka zake mbili, amepoa mwili mzima, anaandika barua ya tano ya kuomba arejeshwe kwenye joto. Alikuwa ameshatolewa nchi moja kwa nguvu. Ya pili hakutaka kujitoa mwenyewe, kwa hiari yake, na nauli juu.

Siku ya kumi aliandika. "Ndugu yangu Harub, nyumba nimeipenda kuliko ninavyoweza kusema, lakini sitainunua. Mwambie mwenyewe aniwie radhi, nimempotezea muda." Hakueleza habari ya karani, kwa kuwa barua husomwa na wengi. Harub alijibu kwa mistari minne, akasema hapana neno, mwenyewe ameelewa. Barua zikapungua, kisha zikakoma.

Chokaa haikufutwa. Mvua ya baridi ilipoosha kuta, Nasriya aliomba ndoo akazirudisha, kwa mkono wa kitoto, kila mstari ukitetemeka. Baba yake alimwachia. Shaikha naye aliendelea kupita kwenye kuta, ila sasa alikuwa akipita haraka na bila kutazama chini.

Mwezi wa saba wa mwaka 1970 redio zilitangaza mtawala mpya, na waliokuwa ng'ambo wakaambiwa warudi kwao. Mtu hakuamini, kisha akaamini, kisha kila nyumba ya Matrah ikawa na mgeni. Watu walishuka na watoto wasiojua neno la Kiarabu, wakauliza njia kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili. Mahfoudh alikuwa akienda bandarini kila chombo kilipoingia, hana anayemngoja, hawezi tu kukaa nyumbani. Mwezi wa tisa, katika watu waliokuwa wakishuka, alimwona mwanamume mwembamba mwenye pua ya ami yake.

Harub alikuja na mkewe na watoto wanne. Walikumbatiana, watu wazima wawili, mpaka watoto wakaona haya. Nyumbani Shaikha alimpokea mke wa Harub na kumpeleka ndani akaoge, na jua lilipopunga kidogo, baada ya alasiri, Mahfoudh akampandisha mgeni darini apate upepo.

"Usinicheke," alisema wakipanda. "Kuna upuuzi wangu huko juu."

Harub alitokeza darini akasimama. Aliitazama ile mistari muda mrefu. Kisha akavua viatu. Alikwenda mpaka mlango mkubwa, akaingia kwa mguu wa kulia, akapita ukumbi bila kugusa mstari, akazunguka kisima kwa upande wa kulia ingawa upande wa kushoto ndio uliokuwa karibu. Alipofika kwenye pengo la mlango wa jikoni akainamisha kichwa, akapita, akainuka upande wa pili.

Juu yake hapakuwa na kitu ila mbingu.

Mahfoudh alikuwa amepima viwanja na nyumba za watu maisha yake yote, na alijua kuinama kwa namna ile hakufundishwi kwa kutembelea. Huko ni kuinama kwa mtu aliyegonga kichwa mara nyingi, tangu alipoanza kurefuka.

"Hukuniandikia kama mlango ule mfupi," alisema.

"Ungesema hutaki."

"Harub. Nyumba ile ilikuwa yako."

"Ya mama, kisha yangu." Harub aliketi ndani ya jiko la chokaa, akakunja miguu. "Mara tatu nimeomba kuja huku, mara tatu sikujibiwa. Nikasema, nikiiuza n'takwenda Dubai, nisogee karibu ningoje. Lakini sikutaka aingie mgeni. Nikaona ukiichukua wewe, hata kwa wiki sita tu, mtu wetu atakuwa anapanda ile ngazi."

"Ungeniambia."

"Ungekuja kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaikimbia?" Alitabasamu kidogo. "Na wewe uliuliza yote, Mahfoudh. Uliuliza kidato gani kinalia. Ya nani, hukuuliza."

Mahfoudh aliuliza iko kwa nani sasa, na Harub akasema ameiuza mwezi wa sita, kwa mtu asiyemjua, anayepangisha chumba chumba. Mwezi mmoja tu kabla ya redio. Alilisema bila lawama, na hilo ndilo lililomchoma Mahfoudh. Alijipangusa uso kwa kilemba, akakaa chini yeye pia, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakuona haja ya kuinuka.

Shaikha alikuwa amesimama juu ya ngazi na sinia ya kahawa. Alikuwa amemwona Harub akipita, na yote alikuwa ameyasikia. Kutoka pale mpaka walipokaa wanaume ni hatua nane, ukikata ukuta wa ukumbi na wa jiko, njia yake ya kila siku. Aligeuka akaenda mpaka mlango mkubwa. Akaingia, akapita ukumbi, akazunguka kisima kwa upande wa kulia, na alipofika mlango wa jikoni akashika sinia vizuri kwa mikono miwili, akainama.