Treni Alipoacha Kugaagaa

Juzi Ijumaa binti yangu alisinzia mezani akiwa na kijiko mkononi. Wali bado mdomoni, sare ya shule bado mwilini, begi bado mgongoni. Alikuwa ametoka shule akapitia tuisheni, na tuisheni ikaisha giza limeshaingia hapa kwetu Kalangalala. Yuko darasa la saba, basi kila mtu ana haja naye. Nilimvua viatu polepole asishtuke, nikabaki nimeishika ile miguu yenye vumbi, na mawazo yakanirudisha Shinyanga, kwa punda wetu aliyeitwa Treni. Tulia nikusimulie. Ila ukicheka mahali pasipo pa kucheka, nanyamaza.

Nyumbani kwetu kulikuwa nje kidogo ya mji, mahali ambapo honi ya gari moshi ilisikika vizuri kuliko kengele ya shule. Pamba ikishavunwa na kuuzwa, watu wakapata nafasi ya kuvuta pumzi, siku ya mnada wa ng'ombe kulikuwa na mbio za punda. Usidhani ni utani. Vijiji vilisusiana kwa ajili ya mbio zile. Waliopanda walikuwa watoto, kwa sababu ya wepesi, na mimi, ingawa ni msichana, nilikuwa mwepesi kuliko wavulana wote, mifupa mitupu. Tandiko letu lilikuwa gunia lililokunjwa, hatamu ilikuwa kamba ya katani. Mshindi alipewa mbuzi, na baba wa mshindi alipata kupita katikati ya mnada watu wakimwita kwa jina la mtoto wake. Baba yangu alikuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kule Bugarama, na mara nyingi alirudi na vumbi tu. Kule kuitwa alikutaka kuliko mbuzi mwenyewe. Nilipokuwa darasa la sita tulikuwa tumeshinda, na nilimwona baba akitembea pale mnadani kama mtu aliyeoga.

Nami nilipenda, nisikudanganye. Nilipenda joto la mgongo wa Treni kwenye mapaja yangu, harufu yake ya jasho na majani makavu, na masikio yake yanavyolala nyuma akianza kukimbia. Pale juu sikuwa mtoto wa kutumwa. Lakini Treni huyo huyo ndiye aliyebeba madumu ya maji kutoka lambo, na mimi huyo huyo ndiye niliyemfuata nyuma alfajiri, kabla ya shule. Mchana nilikuwa darasani, maana nilikuwa nimefika la saba. Nikirudi, nakuta baba, aliyeacha mashimo kungoja mbio, keshamfunga Treni gunia, twende mazoezini kwenye barabara ya kiwanda cha pamba. Tukitoka huko, nanawa uso, narudi shule kwa masomo ya jioni.

Wenzangu walikuwa wakicheza rede nyuma ya kanisa, na mpira wao wa soksi nilikuwa nimeushona mimi. Mwanzoni walipita kuniita. Baadaye wakawa wanapita bila kuniita, na hilo liliniuma kuliko fimbo ya mwalimu wa hesabu, ambaye alinikuta nimelalia daftari zaidi ya mara moja. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alisema nina kichwa cha kwenda sekondari na hataki kukiona kinapotea kwa ajili ya punda. Baba naye alisema nina mkono wa kushika punda, na hataki kuuona unapotea kwa ajili ya vitabu. Wote walinitakia mema, na mema yao yalikuwa yananimaliza.

Aliyeona alikuwa Bibi. Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni alikaa kwenye kigoda akikata viazi vya michembe, vya kuanikwa juani, na Treni akishushwa mzigo, kisu chake kilisimama. Alikuwa anangoja kitu kimoja. Nyuma ya jiko palikuwa na mahali tulipomwaga majivu, na punda yule kila alipofunguliwa alikwenda pale, akakunja magoti, akalala chali na kugaagaa, miguu juu, akipiga chafya. Bibi alicheka kila siku kana kwamba hajawahi kuona. "Haya, sasa amefika nyumbani," alikuwa akisema, kisha anaendelea na viazi vyake.

Jioni moja, mbio zikiwa zimekaribia, nilimfungua Treni na hakwenda popote. Alisimama pale pale nilipotoa gunia, kichwa chini. Nikamsukuma kidogo kuelekea kwenye majivu. Akasogea, akasimama tena. Bibi aliweka kisu chini.

"Huyu amefunguliwa, mayo, mama yangu," aliniambia, "ila mwenyewe hajui kama amefunguliwa."

Kisha akaniangalia mimi, akaniangalia sana, nami nilikuwa nimesimama na kamba mkononi. Usiku wa siku hiyo nilimsikia akimwomba baba mbio ziachwe, punda apumzike, na mtoto pia. Baba akamjibu kwa heshima kwamba watapumzika baada ya mbio. Mwalimu naye wiki hiyo hiyo aliniambia nitapumzika baada ya mtihani. Ndugu yangu, ukiambiwa hivyo, ujue hiyo baada haipo.

Siku ya mnada vumbi lilikuwa jingi, nyama choma zinanukia, watu wamejipanga pande mbili za njia. Tulianza vizuri, tukawapita wengine, hata nikamsikia baba akilitaja jina langu. Halafu Treni akasimama katikati ya njia. Hakuanguka, hakupiga mateke. Alisimama tu, kama jioni ile. Punda wengine wakatupita na watu wakaangua kicheko, mnada mzima. Baba akaja mbio, akaniwekea fimbo mkononi.

"Mchape," alisema. "Mchape, wanatuangalia!"

Nilihisi mbavu za Treni zikitetemeka chini yangu. Nikaiangusha ile fimbo. Nikashuka, nikaishika kamba, nikamtoa njiani mbele ya watu wote, huku nalia kwa hasira hadi kamasi. Baba hakunipiga. Alibaki amesimama katikati ya njia, na mpaka leo uso wake ule unaniumiza.

Wiki ile ile nilirudi kutoka shule nikakuta kamba peke yake kwenye mti wa kumfungia. Walikuwa wakipita wanunuzi wa punda, wale wa ngozi. Baba alisema punda anayesimama si punda. Bibi hakugombana naye, ila aliendelea kumwaga majivu pale pale nyuma ya jiko, kisha anayatandaza kwa mguu.

Mtihani nilifaulu, na leo sikumbuki hata swali moja. Ukienda kwetu sasa, maji yanaletwa na pikipiki za magurudumu matatu. Punda utamtafuta sana. Mnada upo, mbio hakuna, na pale nyuma ya jiko la Bibi kumejengwa choo cha matofali.

Jana, Jumamosi, niliamka na uamuzi. Nikampigia simu mwalimu wa tuisheni kumwambia binti haji. Nikamwambia mtoto leo hakuna vitabu, hakuna vyombo, siku ni yake. Nje watoto wa majirani walikuwa wakipiga kelele na mpira wao. Alivaa viatu, akafika mlangoni, akageuka.

"Mama, sasa nifanye nini?"

Nikamwambia akacheze. Akatoka hadi katikati ya uwanja, akasimama pale, mikono imelegea, kichwa chini.