Moyo wa Mbele na Moyo wa Nyuma

Jina la Mama Hamira alipewa na wateja wake. Alikuwa mwoka mikate, mwenye mikono ya kukanda unga asubuhi nzima bila kulalamika, na kila chumba alichoingia kiliumuka kwa kicheko. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mwenye tumbo la kutosha na maneno ya kuzidi. Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, nyumba ikabaki na wao wawili, na fundi akakosa la kufanya siku za mapumziko.

Ndipo alipookota baiskeli mbili kuukuu, akazikata, akaziunganisha, akapata moja ndefu yenye viti viwili. Kila kiti kilikuwa na pedali zake na mnyororo wake, na wa mpandaji mmoja uliweza kutulia huku wa mwenzake ukizunguka. Siku ya kuizindua majirani walitoka nje na vikombe vya chai mikononi.

"Nani atakaa mbele?" fundi aliuliza.

"Mimi," alisema mkewe. "Wewe ukimwona mtu unayemjua unapunga mikono yote miwili. Usukani sikupi."

Tangu hapo wakawa wanakwenda kazini pamoja kila asubuhi, yeye kwenye tanuri la duka lake la mikate, mumewe kwenye karakana iliyo nyuma ya duka hilohilo. Njia ilikuwa tambarare hadi kiwanda cha mbao, kisha mlima mmoja mrefu wa lami. Mama Hamira aliupenda upepo usoni, akaipenda na sauti ya mumewe mgongoni ikimsimulia nani amepaka geti lake rangi mpya na nani amefuga mbwa mwenye uso wa hakimu.

Shida ilikuwa ule mlima. Kila walipofika katikati, moyo wake ulianza kugonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Aliusikia kifuani, shingoni, hadi masikioni. Binti yao alipomletea saa ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo, alidhani itamtuliza. Asubuhi ya kwanza tu, pale juu, ilimwonyesha mia moja sitini na nane. Haraka haraka akaifunika kwa mkono wa sweta.

"Umechoka, mke wangu?"

"Hata kidogo."

"Mimi pia. Wala jasho halijanitoka!"

Hilo ndilo lililomkata maini. Mumewe alimzidi miaka minane, alipaka siagi mkate pande zote mbili, na mlima huo aliupanda akipiga mluzi. Basi moyo wenye kasoro ni upi kama si wake? Kwa wiki mbili alijikaza kisabuni. Aliichungulia saa hata akiwa anakanda unga. Siku alipojikuta anawaza nani atarithi trei zake za kuokea, alivua aproni akaenda zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke wa rika la binti yake. Alimlaza kitandani, akambandika nyaya kifuani, akampima presha na damu, kisha akamkalisha.

"Mama, moyo wako ni mzima."

"Mzima vipi, na unapiga mia moja sitini na nane?"

"Hapa ulipokaa unapiga sitini na sita. Ukipanda mlima miguu inadai damu, na moyo unaipeleka. Ndiyo kazi yake. Kwa mtu wa miaka arobaini na tisa nambari hiyo iko juu, lakini si ya ajabu, na watu hawafanani. Kabla ya kutoka nyumbani unakunywa nini?"

"Kahawa. Vikombe viwili."

"Maji?"

Mama Hamira akatazama dari.

"Usingizi?"

"Tangu niletewe saa hii ya hofu, sina."

Daktari alicheka. "Kahawa, kiu, joto, usingizi haba, hofu, vyote vinapandisha mapigo. Na ukishasimama kule juu, yanashuka?"

"Nikimaliza kuegesha baiskeli yamefika mia moja kumi."

"Hiyo ni dalili nzuri. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au mapigo yakaanza kurukaruka ovyo, simama, uje mara moja. Kama hakuna hayo, panda polepole, kiasi cha kuweza kuongea."

"Lakini daktari, mume wangu anaongea mlima mzima! Na baiskeli ni ile ile moja, yeye ana pedali zake nyuma."

Daktari aliweka kalamu mezani. Aliuma mdomo, akakohoa kidogo.

"Kesho, mama, saa hiyo mvalishe yeye."

Kesho yake alimvalisha, kwa kisingizio kwamba tanuri limemchoma mkono. Walipofika juu, yeye akihema kama mashine ya kupuliza moto, aligeuka akausoma mkono wa mumewe.

"Sabini na tisa."

"Ni nzuri hiyo?" fundi aliuliza kwa fahari.

"Ni ya mtu aliyekaa kwenye kochi."

Hapo ndipo alipoitazama miguu ya mumewe. Ilikuwa imetulia tuli juu ya kijichuma kilichochomelewa kwenye fremu.

"Tangu lini?"

"Siku ya pili."

"Siku ya pili! Miezi mitatu nakubeba kama gunia la ngano!"

Alikuwa amejiandaa kufoka, na maneno ya kufokea alikuwa nayo. Lakini mumewe hakuwa na uso wa mzaha.

"Siku ya kwanza moyo ulinienda mbio nikadhani nakufa," alisema. "Nikajiambia nipumzike kidogo tu. Nikakuona wewe unapanda bila shida, nikaona aibu kukwambia."

"Mimi? Bila shida? Mwenzio nimelala na saa hii kifuani wiki mbili nikihesabu! Nilidhani mzima ni wewe!"

Walitazamana. Kicheko kilimwanza fundi tumboni, kikamhamia mkewe, na baiskeli ikaanza kutikisika chini yao hadi muuza viatu wa pale juu akafungua mlango wake kuona kuna nini.

Siku hiyo hiyo Mama Hamira alimpeleka mumewe zahanati, amemshika kiwiko asije akakumbuka kazi ya haraka. Presha ilikuwa juu kidogo, moyo haukuwa na neno. Aliambiwa apunguze siagi na aanze taratibu. Wiki ya kwanza alikanyaga robo ya mlima na kuteremka kutembea, ya pili nusu, na kahawa ikahamishiwa dukani baada ya kufika. Mluzi ulikoma. Mama Hamira alikuwa akisikia tu pumzi nzito nyuma yake, na hakuna wimbo aliowahi kuufurahia kuliko huo.

Jumapili moja wakajiona wako tayari kwenda hadi kwa binti yao, ng'ambo ya mto. Walipita mashamba na viwanda vilivyofungwa, wakapishana na lori lililowapigia honi ya heshima. Binti aliwapokea getini, mikono kichwani, hajui acheke au awagombeze. Chakula kilipoandaliwa fundi alikuwa ameshalala chali mkekani na viatu miguuni, akikoroma. Mkewe alimtazama kitambo, akatabasamu, akalivuta bakuli la mumewe karibu na lake, liwe nauli ya ile miezi mitatu.