Mama Fyuzi na jiko la kumi na moja

Saa mbili na robo asubuhi, Mama Fyuzi anachomoa fyuzi ya kauri kwenye swichi kuu, anaipuliza vumbi, anaitia kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake na kuufunga kifungo. Ndani, friji linanyamaza. Redio ya fundi vigae nayo inakata katikati ya wimbo.

"Ah, Mama! Si ungeniambia kwanza?" analalamika fundi vigae, ambaye tangu saa moja amekalia ndoo akisubiri aachiwe ukuta.

"Ningekuambia, ungeniomba dakika tano," anamjibu. "Umeme hauna dakika tano."

Jina la Mama Fyuzi limetokana na mfuko huo. Ana miaka arobaini na mitano, na ishirini na mmoja kati ya hiyo ameitumia kufunga umeme majumbani. Hajawahi kumpa mtu amshikie fyuzi, awe mwenye nyumba, awe mumewe.

"Ikiwa kifuani mwangu, hakuna mjuaji atakayeniwashia nikiwa nimeshika waya," anasema. "Naipenda roho yangu, bwana."

Leo yuko katika jiko la mkunga mstaafu, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene. Makabati yameng'olewa, sinki limelazwa barazani. Sebuleni kuna jiko jipya la umeme lenye oveni, zawadi ya watoto wa mkunga, bado limo katika boksi lake.

"Nyumba hizi zilipojengwa, jikoni palikuwa na taa moja na soketi ya redio," anaeleza Mama Fyuzi. "Leo kuna friji, birika, blenda, oveni, na waya ni ule ule. Ni kumbebesha mtoto mzigo wa punda, halafu unashangaa akianguka."

Jiko hilo jipya atalivutia laini yake peke yake, waya mnene kutoka kwenye swichi kuu. Soketi nazo zitapata waya mpya. Kila mahali waya zinapoungana ataweka kisanduku chenye mfuniko, ili fundi mwingine akija aweze kufungua na kuona.

Lakini kwanza anasogea karibu na dirisha. Hapimi, haulizi. Anaweka tindo ukutani, anagonga mara nne, plasta inamwagika. Ndani kuna fundo la waya lililoviringishwa utepe wa bluu, kingo zake zimekuwa kahawia kwa joto.

"Shikamoo, ujinga wangu," analiambia.

Fundo hilo ni kazi ya mikono yake. Mwaka ule alipofunga umeme hapa, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujitegemea, na visanduku vya kuungia waya hakuwa navyo. Akawa anasokota waya, anazungusha utepe, anapiga plasta juu yake. Ukuta unabaki laini kama sahani.

"Watu walikuwa wanapitisha mkono ukutani wanasema, huyu mwanamke ana kazi safi. Na mimi kichwa kinavimba!" anacheka. "Kumbe nimezika moto."

Kwa taa na redio, fundo kama lile linaweza kukaa miaka bila kelele. Likianza kubeba oveni, linapata moto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Alilijua hilo miaka mitatu iliyopita, alipoitwa na fundi cherehani mmoja ambaye ukuta wa jiko lake ulikuwa unanuka kuungua. Akauvunja, akakutana na bluu.

"Utepe ule nilinunua mimi, katoni nzima, kwa bei ya kutupa. Nilitaka kusema ni panya. Wallahi, neno panya lilishafika kwenye ulimi."

Hakulisema. Alimwambia fundi cherehani ukweli. Yule mama akamuuliza swali moja tu: "Na wengine ni wangapi?"

Usiku ule hakulala. Alihesabu majiko yote ya mwaka wake wa kwanza, yakafika kumi na moja. Tangu hapo anayafuata moja baada ya jingine, anavunja, anarekebisha, hachukui hata senti. Kila jiko linamlia siku mbili tatu za kazi ya kulipwa. Familia mbili zilimtukana. Nyingine ilimfukuza getini, ikampigia simu baada ya wiki.

"Maji nimeshayavulia nguo," anasema, "lazima niyaoge."

Mafundi wenzake walimcheka, eti anajitangazia uzembe. Leo kazi zimempangia foleni ya miezi miwili. Mkunga anajua sababu.

"Mtu aliyekuonyesha kosa lake kwa mkono wake, huyo unamwachia ufunguo wa nyumba," anasema, akimpitishia chai. "Mficha uchi hazai. Na hilo msinifundishe mimi!"

Hata fundi vigae anacheka.

Hili la mkunga ni la kumi. Sisi tuliokuja kuandika habari zake tunamuuliza la kumi na moja liko wapi. Mama Fyuzi anaweka kikombe cha chai chini.

"La mama mkwe," anasema.

Mama mkwe hakumtaka. Mkwe gani anavaa ovaroli na kupanda ngazi? Alikubali tu siku mkwe huyo alipomfungia umeme jikoni peke yake. Alipitisha mkono ukutani, akatoka nje akawaambia majirani, "Huyo ndiye mkwe wangu."

"Mume wangu alinichumbia, lakini ukuta ule ndio ulioniingiza katika ukoo," anasema. "Wageni kumi nimewaambia. Yeye nimeshindwa. Naogopa, sioni haya kusema."

Sasa hana pa kukimbilia. Watoto wa mama mkwe wanamkarabatia jiko, na oveni inafika Jumamosi. "Haitawashwa kabla sijasema. Bora anichukie akiwa mzima."

Jumamosi anatuomba twende naye. "Akinifukuza, muwe mashahidi."

Mama mkwe ana miaka sabini na mitatu na sauti ya mwalimu wa zamu. Anapokea shikamoo, anatutangulia jikoni. Mama Fyuzi anabaki mlangoni na sanduku lake la vifaa.

"Mama, kuna jambo kuhusu huu ukuta..."

Anatupa macho ndani. Makabati yako tupu. Sufuria zote zimehamishiwa sebuleni. Shuka kuukuu limetandikwa chini ya dirisha, na ukutani, juu kidogo ya shuka, kuna alama ya msalaba iliyochorwa kwa chaki.

"Ni hapo, au nimekosea?" anauliza mama mkwe. "Siku ile nilisimama mlangoni nikakuona unazungusha huo utepe wako. Nilidhani ndivyo inavyofanywa."

"Mama, ulijua?"

"Fundi cherehani anakaa mlango wa pili kutoka kwa dada yangu! Miaka mitatu nasikia unavunja kuta za watu. Kila Jumapili unakuja, unakula, unaondoka. Nikasema ngoja, nione atanifikia lini. Au mimi si mtu wa kuungua?"

Mama Fyuzi analia waziwazi, sanduku bado mkononi. "Nisamehe, mama. Niliogopa utanikataa."

"Ulinifungia umeme, hukunifungia macho. Nilikukubali wewe, ukuta nilikuwa nausifia tu. Haya, futa uso, lete tindo."

Mafundo kumi ya bluu anayatunza ndani ya kopo la biskuti. Akipata la kumi na moja, anataka kulipeleka kopo zima chuo cha ufundi alikosomea na kulimwaga juu ya meza mbele ya wanafunzi wapya. "Wayashike kwa mikono yao, wasije wakayasikia kwa harufu," anasema.

Anakwenda kwenye swichi kuu, anachomoa fyuzi, anaipuliza. Mkono unapanda kifuani kwa mazoea, unasita. Kisha anageuka na kuiweka kwenye kiganja cha mama mkwe.

"Nishikie, mama."

Bibi anaifumbata, anavuta kiti, anakaa katikati ya mlango wa jiko.

"Gonga," anasema. "Umeme humu hauwaki mpaka niseme mimi."