Pipa la Philister

Kwa miaka kumi na tisa Philister alikuwa amesafisha wodi ya watoto wachanga katika hospitali moja ya Voi, na fahari yake ilikuwa pipa la maji ya kunawa. Hata mifereji ikauke wiki nzima, pipa lake halikukauka. Aliliongezea maji kabla hayajafika chini.

Watoto wanne walipokufa, dawa zote zikiwa zimegonga mwamba, maabara ya Nairobi ilisoma jeni za vijidudu vilivyowaua. Vilikuwa vya ukoo mmoja, na sampuli za maji ya wodi zilionyesha kwamba ukoo wenyewe uliishi ndani ya pipa.

"Hakuna anayekulaumu, mama," daktari alimwambia.

Philister alilimwaga pipa, akalisugua mpaka vidole vikachubuka. Akafungua mfereji. Ukakohoa hewa tu. Nyuma yake nesi, akiwa amembeba mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo, aliuliza maji ya kunawa yako wapi.