Mtalii Aliyekwama Lweba

Kwa miaka yangu yote ya kuwa mkuu wa utalii hapa Fizi, sikuwahi kupata mtalii. Biro, yaani ofisi, nilikuwa nayo, pale mjini Baraka, yenye meza, kiti na picha kubwa ya ziwa ukutani, kana kwamba ziwa lenyewe halionekani dirishani. Wageni wetu ni watu wa mashirika na wakimbizi wa Burundi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza pa kwenda kupunga upepo.

Siku moja mkuu wa territoire, yaani wilaya yetu, akaniita. Idara ya uvuvi haikuwa na pa kuweka nyavu zake, na mimi nilikuwa na chumba kizima cha kutunzia picha.

"Madame, tafuta mutalii mumoja aseme iko kitu ya kuona huku. Ukikosa, unatoka."

Nilicheka mbele yake. Nilipofika nyumbani nikalia, maana kazi ile ndiyo niliyoisomea na niliipenda, ingawa yenyewe haikuonyesha kunipenda.

Bahati ikanidondokea kutoka parokiani. Sista mmoja Mfilipino, anayesema Kiswahili chetu kutushinda wenyewe, alitembelewa na mjomba wake. Mzee huyo alikuwa amestaafu, na kazi aliyoistaafu, amini usiamini, ilikuwa utalii wa serikali. Kwao ni visiwa vitupu, na ujana wake wote uliishia kuwapeleka wageni fukweni. Kama kuna mtu wa kunisemea, nilijiambia, ni huyu.

Nilichagua Lweba, kijijini kwa mama yangu, kwa sababu mchanga wa ufukwe wa kule ni safi. Nikampigia mama simu kumwambia nakuja na mgeni, na kwamba kazi yangu iko mikononi mwa mgeni huyo. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Tulikuta viti vimeshapangwa. Kwetu mgeni hatembezwi na njaa. Mzee akala bukari, ugali wetu, na samaki wa mikeke, akashukuru, akasimama. Mama akamkalisha.

"Mama, muzee anataka kuona ziwa."

"Ziwa itakimbia wapi? Bashangazi zako habajaleta."

Wakaleta. Mgeni wa nyumba moja ni wa kijiji kizima, na kurudisha sahani ya mtu haijaguswa ni kumtukana. Akaja kuku wa Wakatoliki, ikaja sombe ya Waprotestanti, yaani kisamvu, kisha kuku mwingine, kwa sababu Waprotestanti walikuwa wamemwona yule wa kwanza. Jirani Mrundi akaleta maharage, akiomba radhi kwamba ni kidogo. Sahani ilikuwa imefurika. Kila mara mzee aliposimama, sahani nyingine ilitokea. Ziwa tulilisikia nyuma ya jikoni, likipiga mchanga, na mimi jasho likinitoka. Mwishowe wenye pikipiki waliotuleta wakapiga honi: barabara yetu, kwa hatari zake, haisubiri jioni. Mzee akapandishwa akiwa amekumbatia kuku mwingine tena, huyu mzima, wa zawadi.

Kesho yake tulikuwa mbele ya mkuu.

"Muzee, uliona nini Lweba?"

Sista akatafsiri. Nilimkonyeza mzee mpaka jicho likauma. Aseme tu ziwa! Lakini alikuwa mtu mkweli, balaa gani hii.

"Anasema ziwa hakuiona," sista akasema. "Anasema maisha yake yote alitafuta namna ya kutoa bantu mu manyumba yao. Jana, mu nyumba ya muntu, yeye ndiye alishindwa kutoka."

Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi. "Madame, hii si tourisme. Hii ni ziara ya kwa bakwe."

Kabla ya juma kuisha nyavu zikaingia. Nilipewa picha ya ziwa niende nayo. Nilikuwa nimekaa nje, juu ya rundo la nyavu zilizokosa nafasi, nikiwa na hasira na mama, na mzee, na kuku wote wa Lweba, simu ikalia.

"Mugeni alishiba?" mama akauliza.

"Alishiba, mama."

"Mungu asifiwe. Sasa bataona kama unajua kazi yako."