Dada Felista Anakuja

Niliondoka Chunya kwa sababu mama alitaka binti yake aletwe nyumbani. Dada Felista, mwalimu mstaafu aliyeolewa Kilolo, alipatwa na kiharusi wakati wa kuvuna mahindi. Mama amezeeka, safari ya mbali haiwezi. Alianika godoro la dada uani akaniambia, "Kama anaweza kukaa kwenye kiti cha basi, uje naye. Nimwone kabla sijafa." Mama yetu habishiwi.

Njia ya Mbeya inapanda milima, na huko juu vumbi letu lilibaki nyuma, ukungu ukatupokea. Nilipata muda wa kukumbuka. Kabla hajahamishiwa Kilolo, dada alinifundisha Kiingereza shuleni kwetu. Maneno ya mwendo hakuyaacha ubaoni. Alituinua mmoja mmoja: "Go to the door!" Unakwenda mlangoni huku unapaza sauti, "I am going to the door!" Ukitembea kimya, unarudishwa. Ukisema bila kutembea, unarudishwa pia. "Mdomo na mguu viende pamoja," alikuwa akisema. Tuliruka, tukakimbia, tukatambaa, hadi darasa la jirani likalalamika. Mimi nilikuwa mvivu wa yote mawili, na undugu haukuniokoa hata siku moja.

Makambako upepo ulikuwa wa kukata masikio. Abiria walishuka kununua chai na kunyoosha miguu. Nikatazama ngazi za basi ambazo nimezipanda miaka yote bila kuziona. Bibi mmoja alishuka kwa kushikwa huku na huku, na miguu yake ilikuwa mizima. Moyo wangu ukaanza kuingiwa na wasiwasi.

Nililala Iringa mjini, kesho yake nikapanda gari la Kilolo. Shemeji Kastori, mume wa dada, alinipokea barabarani.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Mgonjwa?"

"Yupo. Kiswahili kinamkwama, shemeji. Kiingereza cha darasani ndo kinatoka chenyewe."

Dada alikuwa kwenye kiti, blanketi magotini. Nilimpa shikamoo. Midomo ilicheza, sauti haikuja, akanishika mkono kwa mkono wake mzima. Nililia, sioni haya kusema. Punde akaingia mama wa jirani aliyewahi kusoma kwake. Aliacha jembe nje, akasimama wima mbele ya kiti.

"Good morning, madam."

"Good morning. Sit down."

Ilitoka safi kabisa. Tulicheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa uso. Kicheko kile kilinipa tumaini ambalo sikupaswa kuwa nalo.

Asubuhi tulijaribu. Shemeji alishika bega moja, mimi la pili.

"Stand up, madam," nikasema.

"I am standing up."

Hakuinuka. Tukamnyanyua sisi.

"Go to the door."

"I am going to the door!" Sauti ilikuwa ileile ya darasani, ya kusikika hadi nyuma. Mguu wa kulia ulining'inia, wa kushoto ukatetemeka, na mlango ulibaki pale pale. Aliitazama miguu yake kama alivyokuwa akitutazama sisi wavivu. Tukamrudisha kitini.

"Hospitali walisema mazoezi," shemeji alisema huku akimfunika blanketi. "Tunafanya kila siku. Lakini basini, mpaka Chunya? Tutamuumiza, shemeji."

Tukakubaliana abaki. Siku ya kuondoka nilichuchumaa mbele yake nikamwambia, "Dada, mama anakuita."

"I am coming," alijibu papo hapo.

Kurudi, kwenye kiti cha pembeni yangu alikaa mtu mwingine tangu Iringa. Misitu ya Mafinga ilipita, Makambako ikapita, sikushuka hata kunywa chai. Nilichojifunza ni kidogo na kinaniuma: mdomo unaweza kwenda peke yake, na huko Kilolo hakuna tena mwalimu wa kumrudisha mtu aanze upya.

Chunya nilimkuta mama amekaa mlangoni. Alitazama nyuma yangu, kisha akanitazama mimi.

"Hawezi kutembea?"

"Bado, mama."

"Alisema nini?"

"Amesema anakuja."

Mama akajishika ukutani, akainuka taratibu, akaenda uani kuligeuza godoro upande wa pili lipate jua.