Maji ya Mfongo Niliyokatazwa

Naitwa Manka, niko kidato cha tatu. Matroni ameniomba niwaeleze wadogo zetu wa kidato cha kwanza jinsi nilivyoumwa, kabla mvua hazijachanganya. Nikamwambia mbele ya watu sauti yangu inakauka. Akasema basi andika, mimi nitawasomea. Kwa hiyo naandika kwenye daftari langu la shajara, na kuna mambo humu yananitia aibu. Nimeyaacha hivyohivyo, maana aibu ndiyo ilitaka kuniua.

Kwetu ni Marangu, kwenye kihamba, shamba la ukoo, nyumba katikati ya migomba na kahawa. Nilipokuwa mdogo, masika yalikuwa sikukuu yangu. Baba ni mpagazi, anapandisha mizigo ya watalii mlimani, na masika watalii hupungua. Mvua ikianza tu, najua Baba anarudi. Atakaa jikoni kwa Bibi, buti zake zinakauka kando ya moto, tunachoma ndizi. Ukungu unashuka mpaka mlangoni. Sisi watoto tulikuwa tunakalia gogo la mgomba na kuteleza nalo kwenye matope mpaka chini kwenye kahawa, na Bibi anapiga kelele, "Mae! Nguo hizo atafua nani?" Halafu anacheka kuliko sisi.

Na nyuma ya banda la ng'ombe kulikuwa na mfongo. Ni mfereji waliochimba wazee wa zamani, unaleta maji kutoka msituni, kihamba hadi kihamba. Bibi alinifundisha kukunja jani la mgomba likawa kikombe, kuchota na kunywa. "Maji ya mlima hayana ubaya," alikuwa akisema. "Yametoka kwa Mungu, hayajapita kwa mtu." Yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Nilipoanza sekondari nilihamia Njoro, mjini Moshi, kwa shangazi. Huko joto, vumbi, na maji ya bomba yenye ladha ya bomba. Wikendi napanda nyumbani. Mwaka jana masika yalipoanza, Bibi alinikuta nyuma ya banda nakunja jani.

"Manka, weka chini hilo. Mwaka huu hatunywi humu."

"Kwa nini, Bibi?"

"Huko juu wamejenga watu wengi. Mvua ya juzi imebomoa choo cha watu, na yote yanateremka humu. Mimi mwenyewe nimeacha."

"Sawa, Bibi."

Akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nikabaki naangalia maji. Yalikuwa na wingu kidogo, si sana. Nilikuwa nimeyawaza wiki nzima. Nikachota majani mawili, nikanywa. Wikendi iliyofuata nikanywa tena.

Homa ilinianza likizo ya Pasaka. Mwanzoni nilidhani ni mafua ya baridi. Asubuhi napata nafuu, jioni mwili unawaka, na kila jioni inazidi ya jana yake. Ulimi ukawa mweupe kama nimelamba unga. Kichwa kilikuwa kinauma hata nikigeuza macho tu.

Mama akanipeleka zahanati. Wakapima malaria, hakuna. Daktari alikuwa kijana, mtanashati, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

"Tumbo vipi? Choo unapata vizuri?"

Mama yuko pembeni, Baba yuko mlangoni anakunja mwamvuli. Nikaangalia viatu vyangu.

"Cha kawaida."

Haikuwa kweli. Siku nne nilikuwa sijapata kabisa, halafu nikaanza kuharisha, kijani kama dengu zilizopondwa. Akaniuliza tena, "Maji ya kunywa je, mnachemsha?" Mama akajibu haraka, "Tunachemsha sana, daktari." Mimi nikaendelea kuangalia viatu. Akanipa dawa ya homa, akasema kwa mkazo, "Homa isipopungua siku mbili, mrudisheni."

Nikajifanya nimepata nafuu. Nilikuwa nakunywa uji mbele ya Mama, naenda kuutapika kwenye migomba. Wiki iliyofuata choo kikawa cheusi kama lami. Nilijua ile ni damu, tumesoma Baiolojia. Lakini ningemwambia nani? Ningeanzaje? Mvua ilinisaidia kuficha. Choo chetu kiko nje, naenda na mwamvuli, kelele za mvua zinafunika kila kitu.

Mchana mmoja, nimelala, nikasikia kitu kimeachia tumboni, kama kamba imekatika. Maumivu yakaja yote kwa mpigo. Mama alipogusa tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Akaita, "Baba Manka!" kwa sauti ambayo sijaisikia tena.

Barabara ilikuwa tope tupu. Bodaboda waliogopa kupanda, na gari lingeishia kwenye lami kule chini. Baba akanifunga mgongoni kwa kanga mbili za Bibi, kama anavyofunga mizigo. Akashuka nami kwenye mvua, Bibi akitangulia kumwonyesha pasipoteleza.

"Baba, nitakuangusha."

"Nyamaza wewe. Mimi nimeshusha wazungu wa kilo tisini kutoka juu kabisa, na walikuwa wanalalamika. Wewe hata hulalamiki."

Kisha akasema taratibu, "Laiti ungelalamika, mama."

Gari likatuchukua pale kwenye lami, na hospitali ya mjini wakanipasua siku hiyohiyo. Taifodi, ndiyo hiyo homa ya matumbo, ilikuwa imetoboa utumbo. Daktari wa upasuaji alimwambia Baba, "Mngechelewa mpaka kesho, tungekuwa tunaongea mengine."

Nilipozinduka nilikuwa na mpira puani, mwingine tumboni, na mshono kutoka juu ya kitovu kwenda chini. Na kiu. Siku kadhaa sikuruhusiwa kunywa hata tone. Mvua inapiga bati la wodi usiku na mchana, maji yanamwagika kila mahali duniani, na Mama ananilowesha midomo kwa pamba. Nililia kwa sababu ya sauti ya lile bati.

Kulikuwa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi. Alinifunulia shuka akaniuliza habari za choo kwa sauti ya wodi nzima. Nikafunika uso.

"Unamwonea nani aibu? Hapa kinyesi ndiyo barua. Usipotusomea tutajuaje kilichoandikwa?"

Wagonjwa wote wakacheka. Mimi pia, nikashika mshono.

Lakini Bibi hakuwa anakuja. Siku ya kwanza alikuja, nilimsikia mlangoni. Mama alimwambia, "Si wewe uliyemfundisha mtoto kunywa maji ya mfongo? Ona sasa." Bibi akageuka, akaondoka. Nilikuwa macho. Na sikumtetea.

Nilipoanza kuruhusiwa kula, Baba akaleta mtori kwenye chupa ya chai, ule mwepesi wa wagonjwa, umechujwa vizuri. Nikajua mkono wa nani. Mama akaifunga ile chupa akaiweka chini ya kitanda.

"Nitakununulia mwingine. Sijui huyu ametumia maji gani."

Nikamwona Bibi akilini, akiponda ndizi peke yake jikoni, akichuja, akifunika. Nikavuta pumzi, mshono ukaniuma.

"Mama. Bibi alinikataza."

"Nini?"

"Alinikataza. Alisema choo kimebomoka. Nilikunywa alipogeuka. Na choo changu kilikuwa cheusi wiki nzima, sikuwaambia."

Mama akainama, akaichukua ile chupa, akanimiminia kikombe.

Niliruhusiwa mvua zikiwa zinaisha. Nywele zilikuwa zimepukutika, nimebaki macho na masikio. Kabla sijaingia ndani nikamwomba Mama asimame kwenye mpaka wa kihamba, pale palipopandwa masale. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Nikakata moja. Mama akanitazama, naye akakata lake.

Bibi alikuwa anachambua maharage. "Shikamoo, Bibi." Nikapiga magoti polepole, nikampa jani kwa mikono miwili. Mama akapiga magoti pembeni yangu.

"Bibi, ulijua nilikunywa?"

"Niliona majani mawili yamelowa kando ya mfongo."

"Mbona hukumwambia Mama?"

"Mtoto yuko kwenye kisu, nianze kumshtaki?" Akayapokea majani yote mawili, akayaweka mapajani. "Inukeni. Huo mshono wake ukifunguka mtaniletea isale lingine."

Sasa masika yamerudi. Nawaambia wadogo zangu, msiyaogope. Vaeni buti, kwa sababu matope yanaficha misumari na chupa. Kijito kikifura subiri kipungue, hata kama shule imeanza. Nawa mikono ukitoka chooni. Maji yachemshwe mpaka yatokote, hata yale yanayotoka mlimani, hata kama bibi na babu zako waliyanywa wakazeeka. Na ukiulizwa habari za choo, sema. Mwambie daktari rangi yake. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi umpe. Namshukuru Mungu, waliopasua, waliofua shuka zangu, na mgongo wa Baba.

Jumamosi iliyopita nilipanda nyumbani. Mvua ilikuwa inanyesha, Baba amerudi, buti zake ziko kando ya moto. Bibi alikuwa amechemsha maji asubuhi, akayaweka kwenye mtungi yapoe. Alienda kukata jani changa la mgomba, akalisuuza kwa maji yaleyale, akalikunja, akanimiminia. Nikanywa nimesimama mlangoni, naangalia ukungu ukishuka.

Ilikuwa ladha ileile. Miaka yote nilidhani ni ya mfongo, kumbe ni ya lile jani.

"Niongeze?" akauliza Bibi.

"Niongeze," nikasema, kwa sauti.